Difu loki na magunia ya ada

Nimepotea kidogo, si mnajua tena test za mfululizo. Leo asubuhi mwalimu kachora difu ubaoni, katuambia habari za yule Mfaransa Pecqueur aliyeibuni mwaka 1827, halafu akauliza nani kati yetu amewahi kuendesha gari lenye difu loki. Kimya. Jirani yangu anajua mimi ni mtu wa Ilemba, akanipiga kiwiko: "We si ndio unatoka kwenye matope?" Nikacheka tu, mkono nikaukalia. Sasa usiku huu usingizi hauji, bora niseme.

Ilemba kwa wasiokujua ni Bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini iko juu uwandani kwenye baridi, sisi tuko chini kwenye joto, mpunga na mbu. Ili mpunga ufike mjini lazima gari lipande ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Kiangazi unakula vumbi. Masika ni habari nyingine.

Ilikuwa Machi 2024, niko mwaka wa pili, ada inadaiwa. Baba akaniambia njoo, kuna magunia 12 nimeyaweka mpaka bei ipande, tukauze. Bamdogo alikuwa dereva wa Land Cruiser pikapu ya tajiri mmoja, akakubali kutubeba. Gari lenyewe lilikuwa na loki za difu, ya nyuma na ya mbele, unazungusha swichi kwenye dashibodi. Alama ya kwanza inafunga nyuma, ya pili inafunga nyuma na mbele. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma hayo mambo majuzi tu. Njia nzima nikawa naongea. Yaani Bamdogo, ukiangalia toki inavyogawanyika... Yeye anaitikia "ehe" na macho yako barabarani.

Mlimani tukakuta udongo wa mfinyanzi umelainika kama uji. Gari likakaa mshazari. Gurudumu la nyuma kushoto linazunguka bure, la mbele kulia nalo linazunguka bure, na yale mawili yaliyokanyaga pagumu yametulia tu kama wageni. Bamdogo akashuka, akakagua kama loki za magurudumu ya mbele zimefunga, akakusanya mawe. Akaniambia: "Kaa wewe kwenye usukani. Gia ndogo. Funga nyuma kwanza, nenda taratibu. Ikitoka, fungua."

Nikaweka gia ndogo, nikazungusha swichi. Taa ikawa inawaka na kuzima, maana meno bado hayajakutana. Nikasogeza gari kidogo, ikatulia. Nikatia moto taratibu, likajongea kama hatua mbili, likagoma. Nikazungusha mpaka alama ya pili. Jamani! Lile gari lilipanda kama mbuzi. Nilisikia raha ambayo hata siku ya matokeo sijawahi kuisikia. Kwenye kioo namwona Bamdogo anakimbia nyuma huku anapunga mikono. Nikadhani anashangilia.

Kumbe anasema fungua.

Tope lilikuwa limeisha, niko juu ya mwamba mkavu na mbele kuna kona kali. Usukani ukawa mzito kama umefungwa na mnyororo. Akili ya darasani ilitakiwa kuniambia palepale: kwenye kona gurudumu la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani, ndiyo maana difu ikabuniwa, na mimi nimeifunga. Kwenye tope tairi zingeteleza kidogo mambo yaishe. Kwenye mwamba hakuna kuteleza. Nikakata usukani mpaka mwisho, nikaongeza moto. Kaaa! Mlio kama bunduki. Jointi ya gurudumu la mbele kulia, ile inayolizungusha huku likikata kona, ilikuwa imepasuka.

Bamdogo alifika anahema. Hakunitukana. Akafungua zile loki za magurudumu ya mbele ili gari livute kwa nyuma peke yake, tukashusha magunia saba, na bado palikuwa na tope jingine mbele. Akapita mzee mmoja wa Kisukuma na maksai wake wawili, akasimama bila hata kuombwa. Wakati anafunga mnyororo, Bamdogo akanionyesha nira.

"Umeiona? Imeshikwa katikati kwa mnyororo mmoja. Huyu akiteleza, mti unageuka, na mwenzake hata awe na nguvu kama tembo, hawezi kuvuta zaidi ya mvivu wake. Hiyo ni difu. Sasa chukua kamba, funga mti usigeuke, mwenye nguvu atavuta peke yake. Hiyo ndiyo loki. Lakini mwisho wa shamba ukitaka kugeuza, kamba usipoifungua unavunja nira."

Mhula mzima wa milinganyo, na mzee wa watu kaumaliza kwa ng'ombe wawili. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukisikia darasani: ukishazama ndipo ufunge, umechelewa. Funga ungali unatembea taratibu, kabla ya tope. Na loki haikuongezei mshiko. Kama magurudumu yote manne yako kwenye uji, utazika gari sawasawa kila upande.

Tulifika Sumbawanga usiku. Na hapa ndipo ninapopakwepa kila nikisimulia. Tajiri aliitazama ile jointi, akauliza nani alikuwa kwenye usukani. Mimi nipo, nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Bamdogo akasema, "Mimi." Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, kisha kesho nikapanda basi la Mbeya kurudi chuo.

Spea na fundi vilikatwa kwenye mshahara wake, miezi mitatu. Magunia yaliuzwa, ada ikalipwa yote, kwa wakati. Baba mpaka leo anajua kwamba mdogo wake alivunja gari la watu kwa uzembe, na nimewahi kumsikia akimwambia hivyo sebuleni, Bamdogo anacheka tu, anamega ugali.

Kipande cha ile jointi ninacho, kinakandamizia handauti mezani zisipeperuke. Likizo nikishuka Ilemba nitamwambia baba. Tajiri pia, ingawa nasikia gari ameshaliuza. Nimeshampigia Bamdogo jioni hii, nikamwambia nataka kusema. Akaniuliza kama nimekula.

Haya, kesho kuna test ya gia saa mbili asubuhi. Mwenye handauti ya pili anigongee, niko macho.