Kiti cha Mjerumani

Ukikulia Mwanza huwezi kukosa hadithi za mali ya Mjerumani. Mimi nimezisikia tangu shule ya msingi: sanduku la rupia lililofukiwa chini ya mwamba, cherehani ya zamani yenye zebaki nyekundu ndani, saa ya ukutani ambayo kuna mzungu anaitafuta kwa milioni mia. Ile nyumba ya Gunzert iliyokaa juu ya mawe pale mjini nimesimuliwa ina handaki linalotokea ziwani. Sijawahi kukutana na mtu aliyetajirika. Niliokutana nao ni waliochimba mashimo usiku, na wawili waliotapeliwa "hela ya kipimo".

Kwa hiyo baba mdogo aliponirushia WhatsApp picha ya kiti cha marehemu babu, na chini yake ameandika "Mali ya Mjerumani hiyo, gugo fasta, mteja yupo", nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Bumu lilikuwa halijatoka, nadaiwa ada laki mbili na themanini, na wanachuo wenzangu mnajua: bila kumaliza ada, chumba cha mtihani unakiona kwa dirishani.

Kiti chenyewe nakijua vizuri. Kipo Bukumbi kwa bibi, kule ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1883. Ni cha mti mwembamba uliopindwa kama kamba, mgongoni kitanzi ndani ya kitanzi, kikalio cha duara kilichosukwa kwa henzirani. Babu alikuwa karani kwenye jineri ya pamba. Mzungu wa pale alipofungasha virago baada ya uhuru, aliuza vyombo vyake uani na babu akaondoka na kiti. Juu ya kiti hicho ndipo aliponifundisha kusoma, yeye amekaa, mimi nimesimama katikati ya magoti yake.

Jumamosi nikaenda. Baada ya salamu nikakipindua. Ndani ya duara la kikalio kuna herufi zimechomwa kwenye mti: THONET.

Hapo ndipo ilibidi nisome. Michael Thonet alizaliwa Boppard, Ujerumani, mwaka 1796, akahamia Vienna, Austria, mwaka 1842 (kwa hiyo baba mdogo alikuwa sahihi nusu). Yeye na wanawe walichukua fito za mti uitwao biichi, wakazilainisha kwa mvuke, wakazikunja kwenye kalibu za chuma huku wamezifunga ukanda wa bati kwa nje ili zisipasuke, wakaziacha zikauke. Mwaka 1859 wakatoa kiti walichokiita Namba 14: vipande sita vya mti, skrubu kumi, nati mbili. Hakuna gundi ya kuogopa unyevu wala ua la kuchonga. Vikifunguliwa, viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vinapanda meli, vinaungwa hukohuko viendako. Enzi hizo, kabla reli ya kutoka Dar es Salaam haijafika Mwanza mwaka 1928, mzigo wa namna hiyo ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Kisumu, ukavuka ziwa kwa meli.

Sasa habari mbaya. Hadi mwaka 1930 viti vya Namba 14 vilivyouzwa vilikuwa kama milioni 50. Hiyo ni achilia mbali vya viwanda vingine, maana hati ya kulinda ubunifu wa Thonet iliisha 1869 na kila mtu akaanza kuiga. Wakusanyaji wa Ulaya hulipia hela ya maana kile chenye chapa, rangi yake ya kwanza na henzirani isiyokatika. Cha babu kilikuwa na chapa. Henzirani ilishatoboka, na fundi wa kijijini aliziba kwa kamba ya katani.

Nikamweleza baba mdogo. "Yaani tumekusomesha uje utushushie bei," akasema. Hakuwa anatania.

Mnunuzi alikuja Jumapili na pikipiki, kijana mwenye adabu tu. Akaanza na laki moja, eti ni feki. Nikakipindua nikamwonyesha chapa. Akakaa kimya kidogo, akaomba aone "na vingine". Bibi ana sanamu ndogo ya Bikira Maria, mkono mmoja umekatika. Kijana akaigeuza akaikwaruza chini kwa ufunguo. Wanaotafuta sanamu za Ulaya hufanya hivyo: shaba nyeusi hubaki na rangi ya shaba, zinki iliyopakwa rangi huonyesha kijivu cheupe. Ikadondoka chokaa. Plasta, ya kumiminwa kwenye kalibu.

"Wewe baba," bibi akamwambia taratibu, "unamkwaruza nani?"

Kijana akaomba radhi. Kisha akauliza lililomleta, nadhani: kama hakuna vigoda vya zamani, vya kienyeji, hasa vya watemi. Hapo nikaelewa. Kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye umbo la mtu mgongoni kiko makumbusho ya Berlin tangu enzi za ukoloni, na vya namna hiyo havikutoka kiwandani milioni 50. Kwetu viko Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Kanada, ambako jengo moja zima limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Bibi akasema vigoda hamna. Alisema hivyo akiwa amekalia kimoja, cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi, ambacho kilikuwa cha mama mkwe wake.

Cha Thonet kiliondoka kwa laki tatu. Mimi ndiye niliyetaka kisiondoke, na mimi ndiye niliyekuwa na shida ya hela, kwa hiyo nilinyamaza. Bibi ndiye aliyeamua. "Babu yako alikinunua akalie. Amekalia. Wewe nenda kafanye mtihani." Kikafungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, miguu juu.

Laki mbili na themanini akanipa. Iliyobaki alinunulia kiti cha plastiki pale Usagara. Muuzaji alikuwa amevipandanisha kumi na tisa, kimoja ndani ya kingine, Thonet angemwelewa. Bibi hakipendi, anasema kinateleza. Wageni ndio wanaokikalia.