Dubu wa kwenye tundu la AC si mwanasesere

Taa za Magomeni jijini Dar es Salaam zikiwaka nyekundu, wamachinga hupita katikati ya magari na bidhaa mkononi: maji ya kunywa, chaja za simu, vitambaa vya kufutia vioo na marashi ya gari. Yanayojulikana zaidi ni ile kadi yenye umbo la mti wa msonobari, inayoning'inizwa kwenye kioo cha kati.

Mti huo ulianzia mji wa Watertown, jimbo la New York, Marekani, ambako mkemia Julius Sämann aliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kuwa dereva wa gari la maziwa alimlalamikia kuhusu harufu ya maziwa yaliyomwagika. Kadi ile ni bapa, haina cha kumwaga, na mtoto akiitazama haoni mchezo.

Ukitoka hapo ukaingia Kariakoo, kwenye maduka ya mapambo ya magari, mambo ni tofauti. Marashi ya siku hizi hubanwa kwenye tundu la AC, na mengi hutoka China. Yupo dubu rubani mwenye pangaboi dogo linalozunguka upepo ukipuliza. Yapo maua, paka, matunda na vichupa vya mafuta yenye rangi ya juisi. Kazi yake ni rahisi: upepo wa AC hupita juu ya sifongo au mafuta na kusambaza harufu. Urembo unaobaki ni wa kumvutia mnunuzi.

Tatizo ni kwamba humvutia na asiye mnunuzi. Mtoto wa miaka miwili hasomi onyo kwenye boksi. Anasoma umbo na rangi, na vyote viwili vinamwambia "chezea" au "kula". Ulaya iliiona hatari hiyo mapema: mwaka 1987 ilipitisha agizo la kupiga marufuku bidhaa zinazofanana na chakula kiasi cha kuhatarisha afya.

Watu wa pwani wamefukiza udi na ubani majumbani vizazi na vizazi. Lakini chetezo kina makaa na moshi, na mtoto hufundishwa mapema kukaa nacho mbali. Dubu wa plastiki hana moto wa kumtisha mtu.

Mafuta ya marashi yakimezwa yanaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta shida ya kupumua. Pangaboi likichomoka linaweza kumkaba mtoto mdogo. Kwa mwenye pumu, harufu kali pekee inaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua. Jua nalo huongeza uzito: gari lililofungwa vioo linaweza kupanda joto kwa zaidi ya nyuzi 20 ndani ya saa moja, na mafuta huvukiza haraka zaidi. Ndiyo maana harufu hukupiga usoni ukifungua mlango mchana.

Mzazi si lazima aache kununua. Chagua lenye umbo la kawaida, lisilofanana na tunda, pipi wala mnyama, na lisilo na mafuta ya kumwagika. Lifunge upande wa dereva, mbali na mkono wa mtoto. Gari likiwa limekaa juani, fungua milango kwanza, hewa itoke, ndipo umpandishe mtoto. Akianza kukohoa au kupiga chafya kila safari, liondoe.

Akiyanywa, usimtapishe. Mfute mdomo, chukua kichupa na boksi lake, kisha mwahishe kituo cha afya. Yakimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mpeleke akaonwe na daktari.

Na kabla ya kulipa, inama kidogo ulitazame kwa urefu wa mtoto wako. Ukiona mwanasesere, naye atamwona mwanasesere.