Dakika Nne

Rekodi inaanza na kikohozi. Halafu sauti ya mzee: "Haloo? Haloo, mwanangu, wanisikia?" Msichana anajibu salamu kama ilivyoandikwa kwenye skripti, neno kwa neno. Ako wiki ya tatu kazini, bado sauti inamtetemeka kidogo. Mpaka hapo alama zake ziko sawa. Kutaja kampuni, 5. Kujitambulisha, 5. Kumwita mteja kwa jina, 5.

Kazi yangu ni hiyo, kusikiliza. Zamani nilikuwa upande ule mwingine, hedifoni masikioni, simu themanini kwa siku. Sasa mimi ni mkaguzi wa ubora. Mfumo unanichagulia simu, nazisikiliza, najaza fomu. Mama yangu huwaambia watu nilipandishwa cheo, na si uongo. Nyongeza iliniwezesha kuhama kutoka chumba cha kushare choo hadi chumba chenye choo chake, Pipeline, orofa ya sita.

Sheria ya kwanza pale ni dakika nne. Si ati ukifika dakika ya tano simu inakatika, la. Ni wastani. Ukimpa mtu mmoja dakika kumi, lazima uibie wengine uzirudishe. Sheria ya pili ni vitufe. Kuna kitufe cha chakula, cha mafunzo, cha msalani. Ukibonyeza, sekunde zinaanza kuhesabiwa, na supavaiza anaona jina lako likigeuka rangi. Kuna dada mmoja aliyekuwa mjamzito ambaye mwisho wa mwezi alionyeshwa grafu ya haja ndogo zake. Alicheka tu. Ungefanya nini?

Nilisomea sosholojia chuoni, ile digrii ambayo jamaa zako hukuuliza kwani hiyo ni ya kufanya nini. Ndiko nilikokutana na Frederick Taylor, Mmarekani aliyeshika saa na kupima jinsi binadamu anavyobeba vyuma. Kwenye kiwanda cha Bethlehem, mwaka 1899, wanaume walikuwa wakibeba wastani wa tani 12 na nusu za chuma kwa siku. Taylor akapiga hesabu, akasema mtu anaweza tani 47 na nusu, bora aambiwe lini ainuke na lini apumzike. Alimtoa kama mfano mfanyakazi aliyempa jina Schmidt, ingawa jina lake halisi lilikuwa Henry Noll. Mzigo ukakaribia mara nne. Mshahara ukatoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Kitabu cha Taylor kikatoka 1911. Mimi nikakijibia swali kwenye mtihani, nikapata A, na sikujua kwamba nilikuwa nasoma mkataba wangu wa ajira.

Lakini hata sitaki kusema fomu ni ujinga. Max Weber, Mjerumani aliyekufa 1920, aliona kitu ambacho Mkenya yeyote aliyewahi kupiga foleni ofisini anakijua mwilini: kanuni inayomhudumia kila mtu sawasawa, bila chuki wala upendeleo, ni neema kubwa kama umezoea kuulizwa "umekuja na nani?" Kabla ya fomu yetu kuletwa, naambiwa masupavaiza walikuwa wanapasisha waliowapenda. Fomu ilimaliza hayo. Weber huyo huyo ndiye aliyehofia kwamba mfumo ukishakamilika, binadamu atabaki ndani yake kama konokono kwenye gamba, ila gamba lenyewe ni la chuma. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana siwezi kuichukia kazi yangu hadi mwisho.

Babu yangu alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Alianza 1953, akiwa kijana. Aliwahi kuniambia, tukiwa barazani kwake Kisauni, kwamba kaka zake wakubwa walifanya kazi wakitaka. Ukiamka na nguvu unaenda langoni, unachukuliwa, unabeba, unalipwa jioni. Ukipata ya kutosha siku tatu, ya nne unakwenda shamba, au kuna harusi, au huna hamu tu. "Mzungu hakukasirika kwa kuwa sisi wavivu," alisema. "Alikasirika kwa kuwa hajui kesho nani atakuja." Baada ya mgomo wa 1939, na ule wa Januari 1947 uliosimamisha Mombasa nzima, wakubwa waliona afadhali makuli wasajiliwe, wahesabiwe siku zao. Babu aliingia wakati kamba inakazwa. Hakuisifia sana ile ya zamani, maana kaka yake mmoja aliangukiwa na gunia mguuni na hakuna aliyejua hata jina lake la pili.

Yeye ndiye aliyeniambia pia kwamba kibarua ni barua ndogo. Nilidhani ananitania. Kumbe karne ya kumi na tisa pwani, mfanyakazi wa siku, mara nyingi mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kafanya kazi. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Na kuanzia 1920 Waingereza wakamvisha mwanamume Mwafrika karatasi nyingine, kipande, ndani ya kikebe cha chuma shingoni, imeandikwa alikofanya kazi na alicholipwa. Mimi pia nina kitu shingoni, kadi ya kufungulia mlango, kamba yake ya buluu. Nikiisahau nyumbani, walinzi wanaonijua miaka minne hawanijui.

Turudi kwa mzee.

Alikuwa ametuma shilingi 8,400 kwa nambari isiyo yake, karo ya mjukuu. Haoni herufi ndogo. Msichana anamwomba asome ujumbe, mzee hawezi. Hapo skripti inasema: mshauri mteja atafute msaada kisha apige tena. Dakika mbili na sekunde hamsini, unamaliza vizuri kabisa. Yeye anasema, "Baba, hapo nyumbani hakuna mtoto karibu?" Mzee anasema wa jirani. "Muite. Nitangoja."

Na anangoja. Kwenye rekodi unasikia miguu, kuku, mlango wa mabati. Mzee anarudi na mtoto, mtoto anasoma nambari akiruka moja, wanaanza upya. Msichana kasikia lafudhi, anahamia Kikamba, lugha ambayo hairuhusiwi kwenye simu. Mzee anacheka kwa mshangao kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mbali. Wanaongea kuhusu mvua. Pesa inazuiwa kabla haijatolewa. Dakika kumi na nne na sekunde ishirini.

Kwenye fomu kuna sehemu ya huruma. Alama 10. Mhudumu anazipata akitamka sentensi ya kuomba radhi kwa usumbufu kama ilivyoandikwa. Hakuitamka. Nilirudisha rekodi nyuma nikiitafuta, nikitumaini ilinipita. Nikaandika sufuri.

Jumla 61. Kupita ni 85, na alishafeli moja. Wa majaribio akifeli mbili, kibarua kimeota nyasi.

Ningeweza kuruka simu ile nikaomba nyingine. Tunafanya, kimyakimya, mara mojamoja. Lakini kila Alhamisi simu tulizokagua zinasikilizwa upya na wengine, ndiyo nasi tupewe alama za usahihi, na mwezi huo zangu zilikuwa zimeshuka. Kodi ilikuwa inadaiwa tarehe tano. Nilituma.

Alinifuata kantini kesho yake. Hakuwa na hasira, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniuliza, "Sasa kaka, ningemwambiaje?" Nami nikamjibu kile kipengele, nikakisema chote, hata nambari yake. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Ijumaa ya wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Ile rekodi bado sijaifuta. Niliisikiliza tena jioni hiyo, yote, hadi pale mzee anaposahau kukata na unamsikia akimwambia yule mtoto kwa Kikamba jambo ambalo siwezi kulielewa. Nilikuwa bado na hedifoni masikioni ujumbe wa supavaiza ulipoingia kwenye skrini: muda wako wa kukagua leo umepanda, kuna shida?

Nikaandika, hakuna. Nikafungua simu iliyofuata.