Ree Inapokuwa Karata ya Mwisho: Juu ya Sheria Zinazogongana

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuuliza ni nani mwenye mamlaka juu ya maana: mtunzi, matini au msomaji. Roland Barthes alipotangaza kifo cha mtunzi katika insha yake ya mwaka 1967, na Stanley Fish alipodai mwaka 1980 kwamba maana hutokana na jumuiya ya wasomaji wenye kaida zao, walikuwa wakiyazungumzia maandishi. Mimi suala hilohilo nimekutana nalo, tena likiwa na ukali zaidi, chini ya mti pale Mabanga, si mbali na mji wa Bungoma, ambapo waendesha bodaboda hucheza karata wakingojea abiria.

Mchezo wenyewe vijana wa Kenya huuita poka, au kadi, ingawa hauna udugu wowote na poka ya kamari. Mchezaji hutupa karata inayolingana kwa aina au kwa nambari na ile iliyo juu, na anayezimaliza zake kwanza ndiye mshindi. Lakini zipo karata zenye uwezo. Mbili humlisha anayefuata karata mbili, tatu humlisha tatu, na jokeri humlisha tano. Nane na Q ni maswali, nayo sharti yajibiwe. J humruka mtu, K huurudisha mchezo ulikotoka. Ree, yaani karata ya alama moja, huzuia adhabu. Na pasipo adhabu, humpa aliyeitupa haki ya kudai aina aitakayo. (Majina ya Pwani ya aina hizo, yaani kopa, uru, pau na shupaza, tuliyaokota kwa Wareno, nao waliondolewa Mombasa mwaka 1698, wachezaji wa Mabanga hawayajali hata kidogo.) Juu ya hayo yote ipo kanuni moja zaidi: karata yenye uwezo haimalizi mchezo.

Hapo ndipo penye mgogoro. Kijana mmoja, mgeni kutoka upande wa Kitale, alikuwa amebakiwa na karata moja tu, nayo ilikuwa ree. Jirani yake akamtupia tatu. Mgeni akaiweka ree juu yake, mikono ikawa mitupu. Je, ameshinda? Kundi la kwanza lilisema ameshinda, kwa kuwa hana karata. La pili lilisema hakuwa na ruhusa ya kuitupa ree, kwa hiyo airudishe mkononi na kuokota tatu zaidi. La tatu lilisema adhabu imezuiwa ila mchezo haujaisha. Zamu yake ikirudi aokote karata moja na kuendelea. Waliokuwa wakishindania ni bei ya chai na mandazi, lakini sauti zilivyopanda, ilikuwa dhahiri kwamba chai si hoja tena.

Mzee mmoja aliyekuwa akitazama aliombwa aamue. Akauliza, "Wanangu, hapa siku zote huwa mnachezaje?" Wenyeji wakajibu kwamba hapa ree haimalizi, na aliyeitupa mwisho huokota adhabu yote. Mgeni akasema, kwa adabu, "Mzee wangu, hiyo siku zote mimi sikuwapo." Sijasikia bado hoja bora kuliko hiyo dhidi ya nadharia ya Fish. Jumuiya ya wafasiri ni kitu chema kwa aliye ndani yake. Kwa aliyefika leo, kaida isiyotamkwa kabla ya karata kugawanywa haitofautiani sana na hila, hasa inapotangazwa baada ya mkono wake kujulikana.

Linganisha na mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Humo kila karata imeandikwa uwezo wake, na kitabu cha sheria kinasema wazi kwamba maneno ya karata yakipingana na sheria ya jumla, karata ndiyo inayofuatwa. Tena kwamba palipo na "inaweza" na "haiwezi", "haiwezi" hushinda. Kanuni hizo zinapendeza kwa unadhifu wake. Lakini ree ya Mabanga haina neno hata moja usoni pake. Uwezo wake wote umo vinywani mwa wachezaji, kama ulivyo utanzu wowote wa fasihi simulizi, na fasihi simulizi huwa na matoleo mengi bila ya toleo asilia. Kumwambia mgeni kwamba toleo lake ni potofu ni kudai asili ambayo hakuna awezaye kuionyesha.

Washairi wetu waliyajua mambo haya zamani. Sheria ya mizani inapogongana na umbo la kawaida la neno, mapokeo yameamua nani ampishe mwenziwe: neno hufupishwa kwa inkisari au hurefushwa kwa mazida, na mizani hubaki. Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, alifanya kazi ya kuziandika kanuni ambazo wengi walizijua kwa sikio. Ugomvi uliofuata *Kichomi* cha Kezilahabi, mwaka 1974, haukuwa tu juu ya vina. Ulihusu pia iwapo mtu anaweza kuketi barazani, akacheza kwa sheria nyingine, na bado akaitwa mshairi wa Kiswahili.

Katika kesi ya ree, mimi naliunga mkono kundi la tatu. Sababu yangu ni ya kihakiki. Kundi la kwanza linaifuta kanuni ya kutomaliza. La pili linaufuta uwezo wa kuzuia adhabu. La tatu pekee linaziacha kanuni zote mbili zikifanya kazi, na tafsiri isiyouacha mstari wowote ukikaa bure ndiyo tunayoidai kwa wanafunzi wetu wanapochambua shairi. Mzee hakuniuliza. Aliamuru karata zichanganywe upya na kila mtu ataje sheria zake kwanza, na shughuli hiyo ikachukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, kwani hata wenyeji hawakuafikiana kama tatu inaweza kuwekwa juu ya mbili.