Makaa ya Moatize na Njia ya Bahari

Mtu wa kwetu akisikia neno makaa huwaza mara moja gunia la makaa ya miti sokoni, makala kama tusemavyo huku Katanga. Leo tunasema juu ya makaa mengine, makaa ya mawe, yale yachimbwayo ardhini. Nayo si mageni kwetu. Yako Luena, yako karibu na Kalemie. Lakini makaa ya Luena hayatoi koki nzuri ya kuyeyushia madini, na ndiyo sababu zamani Union Minière iliagiza makaa na koki kutoka Wankie, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Sisi tuliokulia kando ya reli tulisikia habari hizo kwa wazee waliofanya kazi katika treni. Walikuwa na neno lao: usiulize bei ya mzigo kabla ya kuuliza njia.

Neno hilo tulilielewa vizuri tulipofika Moatize, katika jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji.

Makaa ya huko yalijulikana tangu zamani. David Livingstone alifika Tete mwaka 1856, na katika maandiko yake alitaja makaa yanayoonekana kando ya mito ya nchi ile. Lakini makaa ya mawe si kama dhahabu. Mtu mmoja aweza kubeba dhahabu ya thamani kubwa mfukoni. Makaa ni mazito, na kila tani bei yake ni ndogo; lazima yasafirishwe mengi sana kwa pamoja, la sivyo gharama ya safari inakula faida yote. Tena Tete iko mbali na bahari. Kutoka Moatize mpaka bandari ya Beira reli ina urefu wa kilometa 575 hivi. Basi yale mawe meusi yalikuwa mali kubwa machoni pa watu, na kumbe mahali yalipolala hayakuwa na bei.

Reli hiyo ya Beira, iitwayo reli ya Sena, inavuka mto Zambezi juu ya daraja la Dona Ana. Waportugali walilijenga katika miaka ya 1930. Lina urefu wa zaidi ya kilometa tatu na nusu. Mtu akisimama upande wa Mutarara, nguzo za chuma zinakwenda zikipungua mpaka jicho linachoka. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe daraja lililipuliwa, na treni zikakoma. Vita vilipokwisha lilitengenezwa, na mwaka 1995 likafunguliwa kwa magari ya barabara. Wenyeji walifurahi, maana sasa mgonjwa na mwenye mahindi waliweza kuvuka kwa gari. Kisha makaa yakaanza kutafutwa tena na wageni wenye fedha, na daraja likarudishiwa reli. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 2009. Mwaka huohuo lilifunguliwa daraja jipya la magari huko Caia, lakini Caia ni mbali kwa mtu wa Mutarara. Hatusemi kwamba ilikuwa vibaya kurudisha reli. Tunasema tu kwamba daraja ni moja, na kati ya gari la mwenye mahindi na treni ya makaa, treni ndiyo iliyopita.

Mwaka 2011 kampani ya Vale, kutoka Brazili, ilianza kupeleka makaa ya Moatize Beira. Mwaka huohuo kampani nyingine kubwa, Rio Tinto, ilinunua machimbo ya jirani kwa zaidi ya dolari miliardi 3. Hao walifikiri watapakia makaa katika mashua kubwa na kuyateremsha juu ya Zambezi mpaka baharini. Serikali ya Msumbiji ilikataa, kwa kuogopa madhara kwa mto. Reli ya Sena nayo ilikuwa nyembamba mno kwa mzigo wa wote, na makaa mazuri yalionekana kuwa machache kuliko walivyodhani. Basi Januari 2013 Rio Tinto ilikiri kwamba thamani ya mali ile imeanguka kwa dolari miliardi 3 hivi, na mkubwa wake akaacha kazi. Mwaka 2014 waliyauza machimbo hayo kwa milioni 50. Tazameni hesabu hiyo, ninyi mnaopigania bei ya kilo ya unga! Mawe yalikuwa palepale ardhini, hakuna aliyeyaiba. Njia ndiyo iliyokosekana.

Vale wao waliona njia nyingine. Walijenga na kutengeneza reli ya kilometa 912 hivi, kutoka Moatize, ikikata kusini ya Malawi, kisha ikiingia tena Msumbiji mpaka Nacala, ambapo bahari ina kina kirefu kwa asili yake. Beira haina bahati hiyo: bandari yake iko mdomoni mwa mto Pungwe, na matope ya mto hujaza njia ya meli, hata lazima yachimbwe kila mara. Tena mwezi wa Machi 2019 tufani Idai iliupiga mji wa Beira vikali mno. Kazi ya Nacala, reli pamoja na bandari, ilikula zaidi ya dolari miliardi 4. Lakini mwaka 2022 Vale waliondoka. Waliuza machimbo pamoja na sehemu yao ya reli kwa dolari milioni 270 kwa kampani ya Vulcan, ya jamaa ya Jindal wa India.

Safari yenyewe ni hivi. Mashini kubwa hupasua shimo wazi na kuchimba. Makaa huoshwa kwa maji ili mawe na udongo vitoke, maana kusafirisha udongo kilometa 900 ni upumbavu. Kisha treni hupita polepole chini ya ghala refu, na makaa yanamwagika ndani ya mabehewa bila treni kusimama. Bandarini behewa hushikwa na mashini, hupinduliwa kama mama apinduavyo kikapu, na mikanda mirefu huchukua makaa mpaka malundo, na kutoka malundo mpaka melini. Malundo hayo yanalindwa sana, kwa kuwa makaa yaliyorundikwa muda mrefu huweza kupata joto yenyewe na kuwaka bila mtu kuyatia moto. Melini huenda India na nchi nyingine za Asia, kwenye tanuri za chuma.

Mabehewa yanarudi matupu. Hilo lilitugusa kuliko yote. Tulisimama na akina mama penye njia ipitayo reli, beseni za nyanya vichwani mwao, tukisubiri treni ipite. Watoto walikuwa wanahesabu mabehewa kwa sauti. Sisi tuliacha kuhesabu baada ya themanini. Treni hiyo ilikuwa ikirudi kutoka baharini, na ndani ya mabehewa yote hayo hakuna gunia moja la chumvi wala la sementi, maana behewa la makaa halikuundwa kwa mizigo mingine. Mama mmoja alipangusa nyanya zake kwa kitenge, akasema: “Inakuja na vumbi, inakwenda na vumbi.” Kisha akavuka.

Na wako wale waliohamishwa ili shimo lichimbwe. Familia zaidi ya 1,300 ziliondolewa Moatize katika miaka ya 2009 na 2010. Nyingi zilipelekwa Cateme, kilometa 40 hivi kutoka pale. Wengi wao walikuwa wamezoea kuishi kwa mto, kwa soko na kwa vibarua vya mjini. Huko Cateme nyumba mpya zilipasuka kuta, ardhi ilikuwa kavu, maji yalisumbua, na ahadi za mashamba hazikutimizwa zote. Waliandika barua, wakaita mikutano, wakangoja.

Tarehe 10 Januari 2012 mamia ya watu wa Cateme walikwenda relini wakaifunga njia. Hawakwenda mjini penye ofisi. Hawakuwa na mwanasheria wala fedha, lakini walikuwa wameishi kando ya reli muda wa kutosha kujua mahali makaa yanapopata bei yake. Treni zilisimama. Polisi walikuja, wengine wakapigwa, wengine wakakamatwa. Baada ya hayo nyumba zilianza kutengenezwa, na treni zikapita tena kuelekea Beira.