Giza la Kulipia Kiingilio

Mtu wa Sotik akisafiri kwenda ng'ambo, safari yake huanzia Kaplong. Hapo ndipo barabara ya Kericho–Kisii inapokutana na ile ya Bomet, Narok na Mai Mahiu, na hapo ndipo makanga huugombania mzigo wako kabla hujasema unakokwenda. Mpwa wangu, anayesomea mambo ya udongo katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, ndiye aliyenialika. "Shangazi, njoo ututembelee," alisema kwenye simu. "Lakini usije mikono mitupu. Chai ya huku ni maji ya rangi tu." Nikafunga pakiti za chai katikati ya nguo na kuondoka.

Ya ndegeni sina la kusimulia, nililala. Baridi ya Amsterdam nayo haikunishtua, kwani Julai ya kwetu yanipa mazoezi ya kutosha. Safari iliyonifanya nishike kalamu ni ile ya Jumamosi moja, tulipompeleka Efteling binti wa mpwa wangu, mwenye miaka mitano.

Efteling ni bustani ya michezo katika mji wa Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Tulipanda treni mpaka 's-Hertogenbosch, tukamalizia kwa basi. Bustani hiyo ilianza mwaka 1952 na msitu wa hadithi uliobuniwa na mchoraji Anton Pieck: nyumba zenye mapaa yaliyopinda, majitu, wafalme waliolala, vyote vikiwa katikati ya miti halisi. Kuna hata mapipa ya taka yenye umbo la mwanamume mnene aliyeachama kinywa, anayeomba karatasi kwa sauti, kisha akaivuta kwa pumzi mkononi mwako na kushukuru. Mjukuu wangu alitunyang'anya kila karatasi tuliyokuwa nayo alilishe pipa. Pipa kama hilo moja tu lingesafisha soko la Sotik kwa wiki.

Lakini mtoto alikuwa amekuja kwa jambo moja: Droomvlucht, safari ya kupaa ndotoni. Ni jengo kubwa lisilo na madirisha. Watu hupanga foleni nje, na kila baada ya muda mfupi mlango huwameza wachache. Mpwa wangu aliniambia nisiogope, hakuna cha kutisha humo. Nilimjibu kwamba mtu aliyelelewa bila stima hatishwi na giza la kulipia kiingilio.

Tulipofika kwenye kigari niliinua macho, na hapo nikacheka kwa sauti hata watu wakageuka. Kilikuwa kinaning'inia kwenye reli ya juu! Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chai, sehemu ya kunyaushia majani. Pale magunia ya majani mabichi hutundikwa kwenye reli kama ile yanaposhushwa kutoka kwenye lori, yakapita juu ya vichwa vyetu polepole, yakitikisika, mpaka kwenye vitanda vya kunyaushia. Leo gunia nilikuwa mimi.

Kigari kikaanza kwenda. Mwanzoni giza tupu na muziki, kisha kasri likajitokeza lenye taa madirishani. Baada ya hapo msitu: vichimbakazi wenye mabawa wakibembea juu ya maua, vibwengo wakichungulia nyuma ya uyoga, maji yakichuruzika, harufu ya kitu kitamu ambacho sikukitambua. Mahali fulani sakafu ilipotea kabisa, tukawa tunaelea kati ya ngome zinazoning'inia angani na nyota pande zote. Mtoto alinishika mkono lakini hakuukaza. Mwishoni kigari kikashuka kwa kuzunguka, kasi ikaongezeka kidogo, tukapita kwenye kinamasi chenye mazimwi madogo yenye pua kubwa. "Kogo, yale yanakula watu?" akaniuliza kwa Kipsigis cha mama yake; kogo ni bibi. Nikamwambia haya hayali hata ugali. Safari yote ilikuwa dakika sita hivi.

Nikaomba turudie. Mara ya pili sikutazama vichimbakazi. Nilitazama kazi ya mafundi. Reli hainyooki popote. Kila kona inakuficha ulikotoka na unakoelekea, ndiyo maana banda moja linaonekana kama nchi nzima. Kuta zimepakwa rangi nyeusi ili jicho lisizione, na taa ziko chache sana, kila moja ikilenga kitu kimoja. Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1928 Mmarekani Leon Cassidy alianzisha kampuni ya kuunda vigari vya umeme vinavyopita gizani juu ya reli moja iliyojaa mikunjo. Akaiita Pretzel, jina la mkate uliosokotwa. Kabla yake, mwaka 1901, Frederic Thompson aliwapandisha watu katika chombo cha kujifanya kinaruka mwezini, kwenye maonyesho ya Buffalo. Chombo hicho kiliitwa Luna, na mwaka 1903 bustani yake ya Coney Island ikaitwa Luna Park. Wazazi wengi wa Kenya waliowapeleka watoto Uhuru Park, Nairobi, wanalijua jina hilo bila kujua limetoka mwezini.

Wajenzi wengi wa vyumba vya giza walifuata njia rahisi ya kutisha watu: mafuvu, majeneza, utando wa buibui usoni. Ton van de Ven, aliyebuni Droomvlucht, alichagua iliyo ngumu. Droomvlucht ilifunguliwa mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya Disneyland ya Paris kufungua milango yake. Kumtisha mtoto gizani hakuhitaji akili. Kumweka gizani akatamani kubaki ndiko kazi.

Si kila kitu pale kilikuwa cha upole. Kwa miaka mingi walikuwa na mchezo mwingine, Monsieur Cannibale, ambapo watoto walizungushwa ndani ya vyungu huku katikati amesimama sanamu la Mwafrika mla watu. Ulidumu tangu 1988. Mwaka 2022 ukageuzwa kuwa Sirocco, na sasa mwenyeji wake ni Sindbadi, yule baharia wa Alfu Lela Ulela. Nilipita hapo nikaona mashua zikizunguka, na sikuwa na neno. Walichelewa, ila waliondoa.

Kwenye treni ya kurudi mtoto alitaka kujua kama kwetu kuna mazimwi. Nikamsimulia chemosit. Wasiolelewa milimani huenda hawamjui: ana mguu mmoja, matako tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Hutembea kwa kuegemea fimbo inayofanana na mkuki. Mwingereza A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, lakini mimi nilimpata jikoni kwa bibi yangu, aliyemtaja kila alipotaka tusitoke nje usiku. Mtoto alicheka sana aliposikia matako tisa, kisha akauliza analalaje. Swali hilo bibi hakuwahi kuulizwa.

Mama yake alikuwa kimya. Baadaye akasema, "Shangazi, mimi sijawahi kusimuliwa huyo." Amezaliwa na kusomea Sotik, na chemosit anamsikia kwenye treni ya Uholanzi! Sikumlaumu, alikuwa wa bweni tangu darasa la nne.

Waholanzi wameajiri wachoraji, mafundi umeme na wanamuziki kwa miaka zaidi ya sabini ili hadithi zao na za majirani zao zipate pa kuishi. Sisi hatuhitaji eneo kubwa namna hiyo. Reli ya juu tunayo kiwandani, na fundi wake tunamjua. Kwa hiyo msomaji, kama una ghala tupu kando ya barabara ya Kericho–Kisii, na una ndugu anayejua nyaya za umeme, nitafute. Nitakuchorea chemosit mpole, mwenye mguu mmoja na taa nyekundu mdomoni, na matako yote tisa nitayahesabu mwenyewe. Kiingilio kiwe nafuu, watoto wa wachuma chai waingie.