Tundu la kasuku lilivyotupeleka maabara mimi na mwanangu

Jumamosi moja asubuhi mwaka jana nilitoka jikoni na kikombe cha chai nikamkuta binti yangu, wakati huo ana miezi 14, amesimama barazani ameshikilia tundu la kasuku. Alikuwa akilamba fito zake. Kidevu na viganja vilikuwa vimejaa vumbi la kijani.

Vumbi hilo nilikuwa nimelitoa mimi mwenyewe. Ijumaa jioni nzima nilikuwa nimekaa hapo barazani nikipiga msasa rangi ya zamani, mkavu kabisa, huku feni ya sebuleni ikivuta hewa kuelekea ndani. Nilipomaliza nilifagia kidogo, nikaenda kulala nikiwa nimejipongeza.

Tundu lilikuwa la mama. Yaani, lilikuwa la Sultani, kasuku wa kijivu ambaye mama amekuwa naye tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Kwa wanaotaka kuniandikia barua: Sultani ana kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Na kabla nawe hujaingiwa na tamaa ya kutafuta wako, jua kwamba tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa porini imepigwa marufuku, na hapa Kenya huwezi kumfuga bila kibali. Ndege hawa huishi miaka 40 na zaidi wakitunzwa, hivyo tundu huchakaa kabla ya mwenyewe. La Sultani lilikuwa limeliwa na hewa ya chumvi ya Mombasa hadi sakafu ikatoboka.

Mimi nikaona la mtumba, refu, zito, kwa muuza vyuma vikuukuu. Shilingi 3,000. Jipya la ukubwa ule lingenigharimu mara tano. Nikasema nitalisugua, nilipake rangi, nimfanyie mama zawadi.

Kilichonikata maini ni kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimewahi kwenda Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, mtaa ambao watoto wake walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Nimekaa na akina mama wa pale nikiandika kwenye daftari. Najua kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Najua Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na bado nilishika msasa.

Nilipolitazama tundu vizuri mwangaza wa asubuhi, nikaona tabaka. Juu kijani, chini yake manjano, na chini kabisa, kwenye viungo, rangi ya chungwa iliyokolea. Hiyo ya chini ndiyo iliyonitisha. Rangi za zamani za kuzuia kutu mara nyingi zilitengenezwa kwa risasi, na zile za manjano pia. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni katika rangi, lakini tundu la mitumba halina cheti cha kuzaliwa. Huwezi kujua lilipakwa lini, wala wapi.

Daktari wa watoto hakunigombeza. Aliuliza kama mtoto hula udongo, kama ana upungufu wa damu (mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi), kama nyumba ni ya zamani. Akamtoa damu kwenye mshipa, sampuli ikapelekwa Nairobi. Tulisubiri siku tisa. Mama alinipigia simu kila asubuhi baada ya sala, akiuliza, "Mwanangu, wamesemaje?" Mtoto mwenyewe alikuwa anacheza, anakula, analala. Ndiyo shida ya risasi: kwa viwango vya chini haimfanyi mtoto atapike wala apate homa. Inamgusa ubongo unaokua, na utaliona hilo darasani miaka baadaye, kama utaliona.

Majibu yalikuja: mikrogramu 6 kwa desilita moja ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema ukifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Si kiwango cha kumpa mtoto dawa ya kuondoa risasi mwilini. Daktari alisema tiba yangu ni ndoo na kitambaa.

Basi tukasafisha. Hatukufagia, kwa sababu ufagio hupeperusha vumbi likatua upya kwenye godoro na vikombe. Tulipangusa sakafu, madirisha na meza kwa vitambaa vilivyolowa maji ya sabuni, tukavitupa ndani ya mifuko iliyofungwa. Zulia tuliliondoa. Nguo nilizovaa Ijumaa ile nilizifua peke yake. Mtoto akaanza kula dengu, samaki, mboga za majani na maziwa kwa mpango, na mikono ikawa inanawishwa kabla ya kila tonge. Mama alihamia kwangu wiki mbili na Sultani wake kwenye tundu bovu lililofungwa kamba, akipiga kelele kutwa: "Nawa mikono!" Sasa Sultani naye husema hivyo, kwa sauti ya mama, mtu akipita tu karibu.

Halafu kuna ndege mwenyewe, ambaye kwa kweli nilikuwa sijamfikiria. Kasuku hupanda fito kwa mdomo, anazitafuna siku nzima. Risasi ingemuua Sultani upesi. Zinki pia humdhuru. Nilipoenda kwa fundi wa jua kali kuulizia tundu jipya, kitu cha kwanza alichonionyesha ni waya uliopakwa zinki, ule wa mabanda ya kuku. Nikamwambia kuku haparamii waya kwa mdomo. Fundi akacheka, akasema miaka yote hajaulizwa swali hilo.

Uchafu nao una hatari yake. Kinyesi cha kasuku kikikauka na kuwa vumbi kinaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ambao kwa binadamu husababisha homa kali na kichomi. Kwa hiyo tundu lolote la mtumba hulowanishwa kwanza, ukiwa umevaa barakoa, nje ya nyumba. Osha kwa maji ya moto na sabuni hadi uchafu wote utoke, kisha paka maji ya jiki, nusu kikombe kwa takriban lita nne za maji, uyaache dakika kumi na kusuuza sana. Watu hupenda pia siki kwa ajili ya kutu. Siki ni nzuri, lakini siku nyingine: ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Vijiti na vyombo vya mbao au plastiki vilivyokwaruzika, tupa. Pima na nafasi kati ya fito. Kwa kasuku wa ukubwa wa Sultani isizidi sentimita mbili na nusu, asije akapitisha kichwa akanyongwa.

Hayo yote ni kwa tundu la chuma kitupu. Likiwa na rangi inayobanduka usiyoijua, mimi nasema liache dukani, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Kupaka rangi mpya juu hakusaidii. Mdomo wa kasuku utaifikia ya chini kabla ya Krismasi.

Hatimaye fundi alitutengenezea tundu la chuma kisichoshika kutu, bila rangi. Lilikuwa Sh19,000. Nilitoa nusu, mama akatoa nusu kwenye hela za chama chake, na baba mtoto akalibeba kwa mkokoteni kwa sababu hakuna tuktuk iliyokubali.

Baada ya miezi mitatu tulirudi maabara. Kipimo kilikuwa 3. Daktari anataka kumwona tena akifika miaka miwili.

Lile la kijani bado liko nyuma ya nyumba, nimelifunga kwa turubai na kamba. Sitaki kulichoma, sitaki kulitupa jaani ambako watoto huokota vyuma. Muuza vyuma amepita mara mbili akiuliza kama nitamrudishia kwa Sh1,500. Mara ya pili nilimwita ndani, nikamweleza habari yote ya risasi, nikamwonyesha karatasi ya maabara. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza kama Sh2,000 zingetosha.